Uwezo wa goti na nguzo za Swala: wiki tatu nikimfuata kine



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Saikolojia ya Afya alitupa kazi moja: kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa fani ya tiba, amfuate kazini kwa wiki tatu, kisha aandike mtu huyo anafanya nini hasa. Wenzangu wengi walikimbilia madaktari na wakunga. Mimi nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye sisi hapa Bujumbura tunamwita kwa kifupi cha Kifaransa, kine. Nyumbani kwetu Buyenzi neno hilo halipungui mdomoni. Mtu akiumwa mgongo, wanasema "mpeleke kwa kine akakandwe," na hapo ndipo ujuzi wetu wengi unapoishia.

Ripoti nimekwisha kuikabidhi. Ninayoandika hapa ni yale yasiyopata nafasi ndani yake, kwa sababu yanahusu Swala zetu, na hasa Swala za wazazi wetu. Majina ya wagonjwa na ya mahali nimeyaacha kwa adabu.

Nianze na huko kukanda. Katika wiki tatu niliona kine akikanda mara chache mno. Kazi yake kubwa ni kupima, kisha kumfundisha mgonjwa, kisha kupima tena. Ana rula yenye mikono miwili inayofunguka kama mkasi, anaiweka juu ya kiungo na kusoma digrii. Goti lililonyooka huandikwa 0. Kukaa kwenye kiti cha kawaida hutaka kama digrii 90. Kukaa juu ya visigino, kama tunavyokaa baina ya sijda mbili, hukaribia 150. Nguvu ya misuli nayo ina ngazi zake, kuanzia 0 hadi 5. Kwenye 0 msuli haujibu kabisa. Kwenye 1 unaona mtikisiko chini ya ngozi lakini kiungo hakisogei. Kwenye 2 kinasogea kikiwa kimelala, bila kubeba uzito wake. Kwenye 3 kinaweza kujiinua chenyewe, kwenye 4 kinainuka hata ukikizuia kidogo, na 5 ni nguvu kamili. Yeye hasemi "mguu wake dhaifu." Anasema ni 3, na wiki ijayo anataka kujua kama bado ni 3.

Swali la kwanza analomuuliza kila mgonjwa ni hili: unataka uweze kufanya nini tena? Mmoja alisema kuendesha baiskeli ya mizigo. Mama mmoja alisema kuteka maji. Waislamu waliopita mbele yangu, karibu wote, walitaja Swala.

Wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye magoti yaliyochakaa, ugonjwa ambao tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo huliwa polepole. Alikuja na mwanawe, na mwanawe akabaki chumbani muda wote, maana kine ni mwanamke na mzee aliona haya. Kwa miaka miwili mzee huyu alikuwa akiswali juu ya kiti cha plastiki, toka takbira mpaka salamu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliona wenzake wa rika lake wamekaa kwenye viti safu ya nyuma, goti likamuuma siku moja, naye akaketi.

Kine akampima. Goti la kulia lilijikunja mpaka digrii 115, likakataa. Akamwambia avuke mikono kifuani, ainuke kwenye kiti na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Hiki ni kipimo kinachotumika sana kwa wazee. Mzee aliinuka mara 7, akihema. Kisha akamsimamisha karibu na ukuta na kuangalia saa. Alisimama dakika kumi, akiongea habari za mpira, bila kulalamika.

Hapo ndipo mimi, mwanafunzi wa nyuma kabisa ya chumba, nilishtuka. Goti la digrii 115 haliwezi kukaa tahiyatu, apende asipende. Lakini kusimama hakutaki goti likunjwe hata digrii moja! Maumivu yalikuwa kwenye kushuka na kupanda, ilhali alichokiacha kilikuwa kusimama.

Turudi kwenye fiqhi, kwa kuwa wengi wetu tunaijua hukumu hii nusu nusu. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi ya Imran bin Huswayn, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Swala yake. Maana ya jibu ni kwamba aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa aswali kwa ubavu. Angalieni mpangilio wake. Ni ngazi, na mtu hashuki kipandio kabla ya kushindwa kilicho juu yake. Wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata wengi wetu huku, wakasema zaidi: kila nguzo inapimwa peke yake. Mwenye kuweza kusimama lakini asiweze kusujudu, kisimamo hakimwondokei. Atasimama, atarukuu kadiri awezavyo, na sijda ataiashiria, akiinama kwenye sijda zaidi kuliko kwenye rukuu. Wahanafi wana kauli nyingine, kwamba asiyeweza kusujudu anaruhusiwa kuswali amekaa kwa ishara, basi asije mtu akamgombeza Mhanafi kwa makala yangu. Na kushindwa kwenyewe si lazima mtu awe hajiwezi kabisa. Imam Nawawi katika Al-Majmuu anaeleza kwamba inatosha kuwepo mashaka makali au hofu ya maradhi kuzidi, lakini maumivu madogo hayatoshi.

Je, mtu ajuaje kama maumivu yake ni madogo au makali? Kitabu cha fiqhi hakina rula ile ya digrii. Kine anayo. Kanuni aliyompa mzee ni rahisi: maumivu yanayovumilika wakati wa zoezi, na yanayotulia kabla ya kesho yake asubuhi, hayana dhara kwa goti la namna hii. Yakiamka nawe kesho yake na goti limevimba, jana ulizidisha, punguza. Tena akasema jambo ambalo wazee wetu hawalipendi, kwamba kukaa sana ndiko kunakolidhoofisha goti, kwa sababu msuli wa mbele ya paja ndio unaolibeba, na msuli usiotumika hunywea.

Wenzangu wawili chuoni waliniuliza kama inafaa kutegemea kauli ya huyu dada, maana ni Mkristo. Ni suala lenye mjadala kwa wanavyuoni, wapo walioshurutisha tabibu awe Mwislamu. Lakini wapo wakubwa waliokubali kauli ya asiye Mwislamu akiwa mjuzi na mwaminifu, na hutajwa kwamba Mtume (S.A.W.) katika Hijra aliongozwa njia na Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo alikuwa angali katika dini ya watu wake. Mimi binafsi nilimwona akiandika namba zilezile alizozisoma, hata zisipompendeza mgonjwa.

Basi mzee akapangiwa hivi: asimame kwa takbira na Fatiha, arukuu kwa kusimama, kisha akae kwenye kiti kwa ajili ya sijda, halafu ainuke kwa rakaa inayofuata. Kine akaniuliza, huinuka mara ngapi kwa siku? Nikahesabu kwa vidole. Rakaa za faradhi ni 17, na rakaa ya mwisho ya kila Swala haina kuinuka baada yake, kwa hiyo 17 toa 5, zinabaki mara 12. Alicheka kwa furaha. Anasema huwaomba wagonjwa wainuke kwenye kiti mara kumi tu kila siku nyumbani, na wengi wanarudi wakiwa hawajafanya hata mara moja. Huyu ana 12 zilizopangiwa saa, na hawezi kuziruka. Wiki ya tatu kipimo cha sekunde 30 kilitoka 7 kikawa 10. Goti lilibaki 115. Tahiyatu ya chini bado hana.

Mgonjwa wa pili alikuwa kinyume chake kabisa, na huyu ndiye aliyenikosesha usingizi. Ni mama aliyepata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mguu wake ulikuwa ngazi ya 3, mkono ulikuwa 2. Kila alfajiri alikataa kukaa. Alijivuta mpaka ukutani, akasimama kuswali peke yake, na alikuwa ameshaanguka mara mbili kabla hatujamwona. Kine alipomwambia akae, alijibu, "Mwanangu, Swala ya kukaa ni nusu." Kine akanigeukia. Sikuwa na jibu la kumpa mama palepale, nikaenda kwa ustadhi wetu.

Ustadhi alinifafanulia kwamba nusu ya ujira ipo kweli katika hadithi, lakini wanavyuoni wameielekeza kwa anayeswali sunna amekaa hali anaweza kusimama. Mwenye udhuru hapungukiwi. Imo pia katika Bukhari kwamba mgonjwa na msafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Nilimpelekea mama maneno hayo. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Hata tahajudi?" Nikamwambia ndivyo nilivyoambiwa. Siku ile alikubali kiti: chenye mgongo, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani, miguu yote miwili imekanyaga chini. Kusimama hakukufutwa. Kuliwekwa kwenye zoezi la mchana, mtu akiwa kando yake. Na siku mguu utakapomkubalia, kuegemea si aibu: Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa mtu mzima na mwili kuongezeka, aliweka nguzo mahali pa kuswalia akaiegemea.

Hapa niseme jambo la vitendo kwa mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, wala kumshika kwapani. Bega hushikiliwa na misuli, na misuli ikilegea mkono huning'inia na kiungo kinaweza kushuka mahali pake. Ukivuta, unaumiza bega ambalo litachukua miezi kupona. Simama upande wake dhaifu, mshike kiunoni au kwenye mkanda, avute miguu nyuma kidogo chini ya kiti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Mama alijifunza hilo kwa siku nne. Katika udhu, mkono dhaifu uwekwe juu ya mto au meza, uoshwe na ule mzima taratibu. Kine aliuona udhu na kuufanya zoezi, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia kitu kilekile mara nyingi, na hapa kuna kitu kinachorudiwa mara tano.

Fani hii si ngeni katika vitabu vyetu kama tunavyodhani. Ibn Sina katika juzuu ya kwanza ya Al-Qanun ameweka milango ya mazoezi ya mwili na ya kukanda. Ila siku hizi vijana wetu wakifaulu sayansi wanataka udaktari au uinjinia tu, na katika wiki zile tatu sikukutana na kine Mwislamu hata mmoja.

Nilimweleza imamu wa msikiti wetu habari za viti, baada ya Alasiri. Hakutoa hotuba. Ijumaa iliyofuata alivihamisha kutoka safu ya nyuma, akavipanga kwenye ncha za safu, karibu na ukuta na nguzo, ili anayetaka kusimama apate pa kushika. Siku ya kwanza vilikaliwa saba. Kwenye rakaa ya pili, wazee wanne walikuwa wamesimama.

Wallahu aalam.