Mwongozo kwa Watembeza Wageni wa Kampala na Entebbe: Manowari ya Julai 1976

Wageni wengi wanaoshuka Entebbe wameshatazama filamu za uvamizi wa 4 Julai 1976. Usiku ule wanaujua. Wiki zilizofuata hawazijui, na hapo ndipo mtembeza anapotakiwa awe na maelezo ya kutosha.

Makomando wa Israeli waliondoka na mateka waliokuwa wakishikiliwa kwenye uwanja wa Entebbe, nyuma yao ndege za MiG za Uganda zikiteketea uwanjani. Walipitia Nairobi kujaza mafuta, na Idi Amin akaitishia Kenya kwa sababu hiyo. Tarehe 12 Julai manowari ya kubeba ndege ya Marekani, USS Ranger, iliamriwa itoke upande wa Singapore ije pwani ya Kenya. Ilikuwa na vikosi viwili vya ndege za kivita aina ya F-4 Phantom.

Mgeni akiuliza kama ndege hizo ziliishambulia Uganda, ajibiwe hapana, hata kama anatamani kisa kikali zaidi. Zililetwa ili Kampala ijue kuwa zipo.

Anayetaka kujua zaidi aelezwe kazi yenyewe ya kurusha ndege kutoka melini. Sitaha ya Ranger ilikuwa na urefu wa mita 300 na ushei. Barabara kuu ya kurukia ndege ya Entebbe inazidi kilomita 3. Kwa hiyo melini mtambo wa mvuke huisukuma ndege hadi ipate mwendo wa kuruka kwa sekunde mbili tatu. Ikirudi, rubani hushusha ndoano ya mkiani ili inase waya wa chuma uliotandazwa sitahani. Wakati wa kugusa sitaha huongeza nguvu za injini, maana ndoano ikikosa waya lazima aruke tena papo hapo, la sivyo ataishia majini. Kutoka Mombasa hadi Entebbe ni takriban kilomita 900 kwa njia ya anga, kwa hiyo Phantom iliyobeba silaha ingehitaji kuongezewa mafuta hewani ili iende na kurudi. Wageni waliowahi kuwa wanajeshi hupenda sana sehemu hii. Wengine huchoka haraka, wasilazimishwe.

Maelezo ya zana yasiwafunike watu. Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya uvamizi, na mabaki yake yalipatikana 1979. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa pia kwa kulipiza kisasi. Gari likipita karibu na Mulago, mtembeza aliseme hilo bila mzaha. Asitaje idadi ya waliokufa asiyokuwa na hakika nayo. Vitabu vyenyewe havikubaliani.

Jengo la zamani la abiria la Entebbe, waliposhikiliwa mateka, liko katika eneo la jeshi. Ruhusa iombwe mapema, kabla ya kumwahidi mgeni chochote, na kamera zibaki mfukoni mpaka afisa aliyepo aruhusu.