Kasoro Ndogo Katika Ukuta Mwembamba



Msimu wa mvua hufunga barabara nyingi za Sudan Kusini, hivyo mizigo mingi ya misaada husafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Malori husogea karibu kabisa na ndege. Lori likigusa ubavu wa ndege na kuacha kibonyeo kidogo, dereva aseme au anyamaze? Tutazame hesabu kwanza.

Kiwiliwili cha ndege ni silinda yenye ukuta mwembamba. Angani hubebwa na mabawa katikati, pua na mkia vikavuta chini, na tumbo likabanwa. Silinda nyembamba ikibanwa mno hujikunja ghafla, kama kopo la soda lililokanyagwa.

Kwa silinda isiyo na kasoro, mkazo wa kujikunja ni 0.605 × E × t ÷ R. E ni ukinzani wa metali dhidi ya kunyumbuka, t ni unene wa ukuta, R ni nusu kipenyo. Chukua alumini (E = MPa 70,000), t milimita 2, R mita 1. Jibu ni karibu MPa 85. Lakini kwa mwongozo wa NASA wa mwaka 1968, uliotokana na majaribio, usitegemee zaidi ya MPa 27 hivi.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Mholanzi Warner Koiter aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1945. Silinda ina namna nyingi za kujikunja, zote zikikaribiana kwa mzigo, na ikishaanza, uwezo wake huporomoka. Kasoro huianzisha mapema. Kasoro yenye kina sawa na unene wa ukuta yaweza kuondoa zaidi ya nusu ya uwezo.

Ndege huimarishwa kwa mbavu za mviringo na fito za urefu, kwa hiyo si kila kibonyeo ni hatari. Fundi hupima kina, upana na mahali kilipo, kisha hulinganisha na mipaka ya mtengenezaji. Lakini hawezi kupima asichoambiwa.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini. Muuzaji alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, bali kwa kuuficha unyevu. Vivyo hivyo dereva wetu: kugusa ni ajali, kunyamaza ni khiyana kwa watakaopanda.

Allah atujaalie tuwe waaminifu katika elimu na kazi. Amin.