Salfa, Mikorosho na Tahadhari: Maswali na Majibu

Swali la 1. Kwa nini wakulima wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, walihitaji njia mpya ya kutunza mikorosho?

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa duni. Na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajafunga matunda. Anayetaja ugonjwa peke yake amejibu nusu.

Swali la 2. Salfa hufanyaje kazi, na hatari yake iko wapi?

Salfa, dawa ya ubwiriunga, ni unga unaopulizwa kwa mashine alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande wa kuunasa. Huzuia vimelea vya ubwiriunga visiote kwenye maua na majani machanga, na kazi hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Ilifufua mashamba yaliyokuwa yamekatiwa tamaa.

Lakini unga mwingi haubaki mtini. Huanguka chini, na bakteria wa udongo huugeuza kuwa asidi. Udongo wa kichanga wa uwanda wa juu wa Makonde hauna nguvu ya kuihimili, hivyo rutuba yake huchujwa na mvua. Zingatia sana hapa: mkorosho wenyewe huvumilia udongo wenye asidi. Hasara huanza kwa mazao ya chakula yanayopandwa katikati ya miti, na anayehesabu magunia ya korosho tu hawezi kuiona.

Swali la 3. Je, ingefaa kusubiri hadi madhara yote yajulikane?

Hapana. Kusubiri nako kuna gharama, na hulipwa na kaya isiyo na zao lingine la kuiletea fedha. Jambo la busara lilikuwa kupuliza huku udongo ukipimwa, na ulipimwa: utafiti kuhusu athari za salfa kusini mwa Tanzania ulichapishwa 1997. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimehimiza pia njia zinazopunguza utegemezi wa salfa: dawa za maji, kupogolea machipukizi yanayohifadhi ugonjwa, na aina za mikorosho zinazouvumilia.

Swali la 4. Taja mradi wa jirani uliokosa tahadhari.

Mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea, kaskazini mwa Masasi. Mwaka 1946 ujumbe wao ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9 tu. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kazi Kongwa, eneo jingine la mradi huo, bila mashamba ya majaribio ya kutosha. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Mradi ulifutwa 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Swali la 5. Mkulima wa Newala anapanda miche iliyobebeshwa kwenye sehemu ya shamba, na kuiacha mikorosho ya zamani kwingine. Je, anapinga maendeleo?

La, na inauma kusoma majibu ya watahiniwa yanayomwita mjinga. Mche uliobebeshwa hurithi sifa za mti mama, ikiwemo udhaifu wake. Shamba lote likitokana na mti mmoja, ugonjwa mpya unaoushinda mti mmoja unaweza kuishinda miti yote. Tena mche huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo mikorosho ya zamani ndiyo inayolipa ada za shule. Jibu la alama zote humshauri achanganye aina kadhaa na aongeze eneo kadiri miche inavyoanza kuzaa.