Shairi refu lisilo na hadithi

*Nimesoma The Waste Land mara mbili na sijaiona hadithi yake. Je, kasoro ni yangu? — Msomaji, Morogoro*

Kasoro si ya msomaji. Shairi hilo la T. S. Eliot, lililotoka 1922, lina sehemu tano na mistari zaidi ya 430, lakini halina msimulizi mmoja wa kumshika msomaji mkono kama katika utenzi. Sauti hubadilika ghafla, hata lugha. Mkasi nao ulichangia: mshairi mwenzake Ezra Pound alikata vipande virefu vya rasimu. Linafaa kusomwa kwa sauti, sehemu moja kila kikao, na alama iwekwe pale msemaji anapobadilika. Maelezo ya Eliot mwishoni yasubiri. Mengine huongeza kizunguzungu. Msomaji akikwama bado, toleo lenye ufafanuzi au mwalimu wa fasihi atamvusha.