Dondoo muhimu: Banda na uzio imara kwa mbuzi wa maziwa

Mbuzi hupanda, husukuma na kufungua. Jenga ukijua hivyo.

• Sakafu: Inua banda kiasi cha mita 1, kama wafanyavyo wafugaji wa Mgeta, Morogoro. Acha mwanya wa sentimita 1.5 kati ya mbao. Kinyesi kitadondoka na kwato hazitanasa.

• Hori: Lifunge nje ya ukuta, mbuzi aingize kichwa tu. Majani aliyoyakanyaga hayali tena.

• Uzio: Kimo kiwe mita 1.2 hadi 1.5, nguzo zichimbiwe sentimita 60. Chagua waya wa wavu wenye matundu madogo, kwani matundu mapana hunasa kichwa chenye pembe. Usitumie waya wa miiba, hurarua kiwele.

• Lango: Weka komeo upande wa nje, mahali ambapo midomo ya mbuzi haifiki.

• Kukamulia: Tengeneza jukwaa lenye kibano cha shingo. Tumia ndoo ya chuma cha pua. Plastiki iliyochubuka huficha vijidudu.

Kagua misumari na waya kila wiki. Mbao imara hugharimu mara moja, lakini kiwele kilichoumia ni hasara ya kila siku.