Mla hela za kikoba msimtafute usoni

Jumapili saa tisa alasiri, ukipita vichochoro vya Buguruni, kuanzia Malapa mpaka kwa Mnyamani, utawakuta watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, katikati yao pana sanduku la bati lenye kufuli tatu. Ni wauza nyanya wa sokoni, mama lishe, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda. Ndani ya sanduku hilo mna ada ya shule ya Januari, mna kodi ya chumba ya miezi sita, mna nauli ya kwenda msibani Tanga. Na mara nyingine, miongoni mwa hao waliokaa kwenye mkeka, yumo mmoja anayelichota sanduku kidogo kidogo, na kikao kikifunguliwa kwa dua naye anaitikia amina.

Makala hii ni kwa kikundi ambacho kimeanza kuhisi hivyo. Hela hazitimii, mikopo inacheleweshwa, watu wananong'ona wakirudi nyumbani, na hakuna anayethubutu kusema jina. Nimekaa kwenye mkeka wa namna hiyo, na tulikosea kabla ya kupatia, kwa hiyo naanza na kosa letu.

Tulikuwa watu 24. Zilipopungua shilingi 1,840,000, jambo la kwanza tulilofanya ni kuangaliana. Nani amebadilika? Jicho likamwangukia mama mmoja muuza chapati aliyekuwa ameingiza friji jipya mwezi ule ule. Hakuna aliyemuuliza friji limetoka wapi. Mimi ni mmoja wa waliosema, "Na lile friji je?" Maneno hayo yalifika kwake kabla ya kikao kilichofuata, naye hakuja tena. Friji alilipiwa na kaka yake. Hela zilikuwa zinaliwa na mweka hazina, dada ambaye kila mtu alimpenda, aliyekuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Hatukuwahi kuhesabu nyuma yake hata siku moja, kwa sababu tuliona kumhesabia ni kumvunjia heshima.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye kikundi cha fedha nguo hiyo ni daftari, na ndimo mnamotakiwa kupekua.

Sanduku la kufuli tatu halikubuniwa hapa. Mfumo huu wa kuweka na kukopa kwa vikundi ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Kanuni yake ni kwamba funguo tatu hukaa kwa watu watatu wasio viongozi, sanduku hukaa kwa mtu wa nne, na fedha hazishikwi nje ya kikao. Mwisho wa kikao salio husomwa kwa sauti na kila mwanachama hulikariri. Kikao kinachofuata hufunguliwa kwa swali: tuliacha shilingi ngapi? Wanachama wakijibu kwa pamoja, ndipo sanduku linafunguliwa. Vikundi vingi vimebaki na kufuli na kuacha kukariri salio, wakati kufuli humzuia mwizi wa nje tu. Wa ndani hana haja ya kuvunja chochote, maana yeye hupitia kwenye kalamu.

Kuna njia chache anazotumia, na mkizijua mtajua pa kutazama.

Iliyozoeleka kuliko zote ni kupokea fedha nje ya kikao. "Nitumie kwenye simu yangu, Jumapili nitakuwekea." Kwa mji wetu wenye foleni na mihangaiko, ni msaada mkubwa, na wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Lakini fedha ikishaingia kwenye simu ya mtu mmoja, kikundi kinategemea kumbukumbu yake na shida zake za wiki hiyo.

Ya pili ni mkopo hewa, yaani leja inaonyesha mwanachama fulani amekopa 300,000 na mwenyewe hana habari. Huchaguliwa mtu asiyesoma vizuri, au mzee, au aliyesafiri.

Ya tatu ndiyo inayodumu miaka bila kugunduliwa, na inataka maelezo. Mwanachama wa kwanza analeta rejesho la 100,000 siku ya Jumatano kwa simu. Mweka hazina analitumia. Jumapili hana cha kuweka, lakini mwanachama wa pili ametuma 100,000 siku ya Ijumaa, basi anaichukua hiyo na kuiandika kwa jina la wa kwanza. Wiki inayofuata, ya wa tatu inaandikwa kwa jina la wa pili. Hesabu ya kila mtu mwishowe inakaa sawa, ila imechelewa wiki moja au mbili, na mwizi hawezi kukosa kikao hata kimoja, kwa sababu akiumwa siku mbili mnyororo unakatika. Kwa hiyo mnapokagua, msilinganishe kiasi peke yake. Linganisheni tarehe ya ujumbe wa simu wa mwanachama na tarehe ya leja. Jumatano moja ikiandikwa Jumapili ya pili mara moja, ni usahaulifu. Ikitokea kwa watu watano mfululizo, mmeshapata njia yake.

Sasa namna ya kukagua. Chagueni watu watatu wasio na cheo, ikiwezekana mmoja awe aliyeingia kikundi karibuni, maana hana deni la fadhila kwa mtu. Kazi yao ya kwanza ni kupiga picha kila ukurasa wa leja kwa simu, na kila mmoja abaki na nakala yake. Fanyeni hivyo kabla ya neno lolote kusemwa. Buguruni ya bondeni, upande wa Mto Msimbazi, inajulikana kwa mafuriko, na daftari kuloa ni jambo linaloaminika kwa urahisi. Letu nalo liliripotiwa kuloa, siku ambayo mvua haikunyesha.

Pili, kusanyeni vitabu vya wanachama vyote siku moja, vya waliohudhuria na vya wasiohudhuria. Hapa ndipo siri hufichuka mara nyingi, kwa kuwa mwizi anaimiliki leja lakini hana mkono kwenye vitabu 24 vilivyotawanyika majumbani, chini ya magodoro na ndani ya makabati. Kwetu alikuwa bibi muuza nyanya. Kitabu chake kilikuwa kimefungwa ndani ya mfuko wa rambo na kamba ya katani. Akakifungua taratibu, na kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na mihuri sita ya marejesho, deni limekwisha. Leja ilisema bado anadaiwa 300,000. Chumba kikawa kimya.

Tatu, mfuateni kila mkopaji peke yake mkamuulize swali moja: unadaiwa kiasi gani? Msimwambie kwanza leja inasemaje. Ukimtajia kiasi, wengi watakubali kwa aibu au kwa kuchanganyikiwa. Kwa fedha za simu, mwombeni mwenye laini aitoe taarifa yake ya miamala kutoka kwa mtandao wake mwenyewe. Hamna haki ya kuichukua simu yake kwa nguvu na kuipekua.

Mwisho, hesabuni sanduku mbele ya watunza funguo wote watatu, bila kutangaza siku kabla. Kiasi kilichopatikana kiandikwe na kila aliyekuwepo asaini.

Wala msidhani utaratibu huu ni wa vikundi vidogo tu. Fedha za Akaunti ya Malipo ya Madeni ya Nje, EPA, zilipochotwa Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06, mlango haukuvunjwa. Ni wakaguzi waliokaa na karatasi ndio waliozua maswali, na ukaguzi maalumu wa Ernst & Young ukaonyesha zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 isivyo halali. Ukiziondoa sifuri, kazi yao ni ile ile ya kuweka leja na kitabu cha bibi muuza nyanya pamoja juu ya meza.

Kabla sijaendelea, kuna mambo matatu ambayo yanafanyika mitaani kwetu na nawaomba kwa moyo wote msiyafanye.

Msiende kwa mganga. Najua vikundi vilivyochanga hela nyingine kwenda kupigiwa ramli ya hela zilizopotea. Mganga atawatajia sura, "mwanamke mweupe, mnene kidogo", na mtamtengeneza mwizi kutokana na jirani yenu. Polisi wanaiita ramli chonganishi, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli imeshaua watu katika nchi hii.

Msimwendee mtu nyumbani usiku kwa kundi. Neno "mwizi" likipazwa kwenye uchochoro wa Buguruni, wanaotoka nje na fimbo hawaulizi ni mwizi wa nini. Mtoto wake atakuwa anawatazama. Na akifa mtu, waliopaza sauti ndio watakaosimama mahakamani.

Na msimbebee vyombo. Kuchukua televisheni, sofa na jiko la gesi la mtu kwa sababu "kikundi kimeamua" kumekuwa mazoea, lakini anayeruhusiwa kukamata mali ya mtu ni mwenye amri ya mahakama. Mkivibeba bila amri, mtageuka washtakiwa.

Hesabu ikishakamilika, mwiteni mhusika kikao cha mchana, mpeni taarifa siku chache kabla, na mruhusuni aje na mtu anayemwamini. Mwonyesheni ukurasa, muulizeni ukurasa. "Hapa leja inasema hivi, kitabu kinasema hivi, tusaidie." Kisha nyamazeni. Wakati mwingine ana maelezo. Kosa la kujumlisha lipo, ukurasa uliorukwa upo, hata mtoto aliyechezea daftari yupo. Sisi tuligundua kwamba 140,000 kati ya zile tulizodhani zimeliwa zilikuwa makosa ya kujumlisha ya katibu, na katibu alikuwa mimi.

Wenye maduka Kariakoo wanaosoma haya wajue kwamba kwa mfanyakazi anayetuhumiwa, kumsikiliza kwanza si hiari. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinataka mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kufukuzwa, na kwa kawaida apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa. Aliyefukuzwa bila hivyo ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na tajiri aliyeibiwa kweli anaweza kujikuta anamlipa fidia aliyemwibia.

Mhusika akikiri, andikeni makubaliano mbele ya mtendaji wa mtaa: kiasi gani, kwa awamu ngapi, tarehe gani, nani mdhamini. Makubaliano ya mdomo msiyaamini, hata kama ana machozi. Akikana huku karatasi zinasema, kula fedha za kikundi ni kosa la jinai. Nendeni kituo cha polisi na nakala zenu, mfungue jalada na mchukue namba ya RB, ambayo haitozwi fedha. Kudai mlipwe mnaweza pia kupitia Mahakama ya Mwanzo. Kama ndani ya sanduku mlikuwa na mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hiyo ni fedha ya umma. Mwambieni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, kwa kuwa deni lile mnadaiwa kama kikundi, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113.

Yote haya ni rahisi zaidi kwa kikundi kilichosajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na usajili hufanyika kupitia halmashauri. Kikundi kisicho na usajili wala katiba iliyoandikwa kinapofika polisi huulizwa kwanza: ninyi ni nani?

Kwa wanaotaka kuzuia kabla ya kutafuta, rudisheni kukariri salio. Badilisheni mweka hazina kila mnapovunja kikoba na kugawana akiba, hata kama ni malaika. Fedha za simu ziingie kwenye huduma ya kikundi, kama M-Koba, ambako wanachama hupata ujumbe kila muamala unapofanyika. Na mtu akipendekeza kuahirisha kuvunja kikoba mwezi Desemba bila sababu inayoeleweka, hesabuni siku hiyo hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo halimo kwenye katiba ya kikundi chochote nilichokiona, na ningependa liingie. Aliyeshukiwa bure aombwe radhi kwenye kikao kile kile, mbele ya watu wale wale waliosikia jina lake likitajwa, na iandikwe kwenye mihtasari. Sisi hatukufanya hivyo kwa wakati. Tulikwenda kwake watu wanne baada ya miezi miwili, jioni, tukamkuta anakanda unga. Alitukaribisha, akanawa mikono, akatutolea maji baridi kutoka kwenye lile friji. Tulisema tulichokwenda kusema. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe, akarudi kwenye unga wake. Kwenye kikundi hakurudi.