Somo la Raia: Sheria ya Ushindani Inavyofika Hadi Kwenye Simu Yako

Mkazi wa Lodwar akitaka kumtumia ndugu yake aliye Kakuma shilingi 500, leo haulizi kwanza kama ndugu huyo ana laini ya Safaricom au ya Airtel. Pesa huingia kwenye simu moja kwa moja. Kabla ya Aprili 2018 haikuwa hivyo. Aliyetuma kutoka M-Pesa kwenda laini ya kampuni nyingine alitozwa ada ya juu zaidi, na mpokeaji hakupata pesa kwenye simu yake. Alipata ujumbe tu, na ilimbidi aende nao kwa wakala wa M-Pesa ili alipwe taslimu. Basi watu wengi walifanya jambo ambalo yeyote angefanya: walinunua laini ile ile ambayo majirani wote walikuwa nayo.

Hapo ndipo soko la kidijitali linapotofautiana na soko la kawaida. Mwenye duka akipandisha bei ya unga, unavuka barabara na kununua kwa jirani yake. Lakini huduma ya simu au ya mtandao huwa na faida zaidi kwako kadiri watu wengi wanavyoitumia. Mkubwa huzidi kukua hata kama hajafanya kosa lolote, na mteja hubaki kwa sababu kuondoka ni hasara.

Ni vyema tuelewane: sheria ya Kenya haikatazi kampuni kuwa kubwa. Kinachokatazwa ni kutumia ukubwa huo kuwafungia wengine mlango au kumfunga mteja asiweze kuondoka. Haya yamo katika Sheria ya Ushindani, Nambari 12 ya mwaka 2010, ambayo pia iliunda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kampuni inayoshikilia angalau nusu ya soko huhesabiwa kuwa ndiyo inayotawala soko hilo, na hata iliyo chini ya kiwango hicho inaweza kuhesabiwa hivyo ikithibitika kuwa ina nguvu ya kuamua mambo. Ikipatikana na hatia ya kutumia nguvu hizo vibaya, Mamlaka inaweza kuitoza faini ya hadi asilimia 10 ya mapato yake ya hapa nchini ya mwaka uliotangulia. Isiporidhika, ina haki ya kukata rufaa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mawakala. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mikataba ilimzuia wakala wake kuhudumia kampuni pinzani. Airtel ililalamika kwa Mamlaka. Fikiria maana yake kwa mji mdogo wenye maduka mawili au matatu yanayoweza kuweka pesa za kutosha: kampuni inayokuja nyuma haikosi wateja kwa kuwa huduma yake ni mbaya, inawakosa kwa kuwa hakuna mahali pa mteja kutolea pesa. Julai 2014 masharti hayo yaliondolewa. Ndiyo maana leo kibanda kimoja sokoni kinaweza kuwa na mabango ya rangi mbili.

Uamuzi mwingine hausemwi sana, ingawa kwa maoni yetu ndio unaomgusa mwananchi kila siku. Mwaka 2016 Mamlaka iliagiza watoaji wa huduma za pesa kwa simu, benki zikiwemo, waonyeshe gharama yote kabla mteja hajakamilisha muamala. Bei isiyojulikana haiwezi kulinganishwa, na pasipo kulinganisha hakuna ushindani. Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza nambari yako ya siri, soma ada na riba iliyoandikwa. Na ikiwa mkopo wa simu hauonyeshi gharama yake, una sababu ya kulalamika.

Lazima tuseme pia mahali ambapo sheria hizi hazijatufikisha. Tangu Aprili 2011 Mkenya ana haki ya kuhama kampuni ya simu bila kubadilisha nambari yake, lakini waliotumia haki hiyo ni wachache mno. Na mfugaji aliye mahali penye mlingoti mmoja tu wa mawasiliano hana pa kuhamia, hata sheria iwe nzuri namna gani. Kwake yeye, ushindani huanza na mlingoti wa pili.

Kakuma na Kalobeyei zina funzo lao. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula: sehemu ya msaada wa chakula ikawa pesa zinazowekwa kwenye laini ya simu, na ambazo zingeweza kutumika tu katika maduka yaliyosajiliwa. Wafanyabiashara wakimbizi na wenyeji walipata biashara mpya, na familia zikapata kuchagua chakula. Hata hivyo mteja hakuweza kupeleka pesa hizo kwa duka lolote alilotaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofanya kazi Kalobeyei walieleza jinsi familia nyingi zilivyokuwa na madeni kwa wenye maduka, na jinsi wengine walivyoacha kadi zao dukani kama dhamana. Mwenye deni hawezi kwenda kutafuta bei nafuu kwingine. Hununua pale anapodaiwa. Kuanzia 2019 WFP ilianza kuwapa wakazi wa Kalobeyei pesa taslimu kupitia benki, wazitumie popote. Huo haukuwa uamuzi wa Mamlaka ya Ushindani, lakini swali ni lile lile: je, mteja anaweza kuondoka?

Swali hilo sasa linaulizwa kwa makampuni makubwa zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulipitisha Sheria ya Masoko ya Kidijitali mwaka 2022, na Septemba 2023 ukataja kampuni sita kuwa walinda lango: Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Zilipewa hadi Machi 2024 kutii. Aprili 2025 Apple ilitozwa faini ya yuro milioni 500 na Meta yuro milioni 200.

Tofauti na sheria yetu ni kwamba Ulaya inaweka masharti mapema, ilhali Kenya kwa kawaida huchunguza baada ya madhara kutokea. Mtu wa Turkana ataelewa haraka. Anayesimamia kisima mtoni wakati wa kiangazi, naye ana mifugo yake kwenye foleni, ni bora masharti ya zamu yajulikane kabla mbuzi hawajafika, si baada ya wa wengine kufa kwa kiu. Mwaka 2024 Mamlaka ilichapisha rasimu ya marekebisho ya Sheria ya Ushindani yenye vifungu kuhusu biashara za kidijitali. Katiba inataka wananchi wasikizwe kabla ya sheria kupitishwa, na maoni ya mwenye duka wa Kakuma yana uzito sawa na ya wakili wa Nairobi.

Serikali ya kaunti haina uwezo wa kuitoza faini kampuni ya simu. Ratiba ya Nne ya Katiba inatupa masoko, leseni za biashara na desturi za haki katika biashara; ushindani wa kitaifa uko mikononi mwa Mamlaka. Masuala ya mtandao na laini hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mikopo ya simu husimamiwa na Benki Kuu chini ya kanuni za 2022, na anayepigia simu jamaa zako kuwaaibisha kwa deni lako anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mtu yeyote anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, raia au mkimbizi, bila kuwa na wakili. Andika jina la kampuni, tarehe, kiasi cha pesa na kilichotokea. Hifadhi ujumbe wa muamala, usiufute. Wakala aliyezuiwa kuhudumia kampuni nyingine aambatishe nakala ya mkataba au ujumbe aliotumiwa. Usiandike nambari yako ya siri popote. Hakuna ofisi ya serikali inayoihitaji.